Msumari Namba Ishirini na Saba

Kwa maelezo ya jirani, mambo yalikwenda hivi. Mchana wa saa sita, jua likiwa utosini, yule mwanamke aliiacha pasi yake juu ya shuka la watu, ya moto vilevile, akajifuta jasho kwa pindo la aproni, akasema anakwenda kuchota maji. Ndoo hakubeba. Akatokea mlango wa nyuma, akavuka ua wa kamba za kuanikia, akapanda lori lililokuwa linanguruma getini. Akaketi mbele, ubavuni kwa dereva, na viatu vipya miguuni. Lori likaondoka na vumbi lake. Huku nyuma shuka likaungua alama ya pasi, na kwenye chumba cha kupanga mtoto wa miezi minne akawa analia hajui analilia nini.

"Na alikuwa anacheka," jirani humalizia kila mara. "Anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Mama yangu alimwona kwa macho haya." Hapo hugusa macho yake mwenyewe, kana kwamba aliachiwa ya mama yake kwenye urithi.

Mtaani walimwita Redio. Hawakumwita hivyo kwa ubaya, ila kitufe cha kumzima kilikuwa hakijapatikana. Hadithi yake ilikuwa na tabia ya kukua. Viatu viliwahi kuwa vyekundu, vikawa vyeupe, kuna mwaka viliota kisigino. Dereva alifuga masharubu, akayanyoa, akavaa kofia. Shuka nalo liliwahi kuwa foronya. Sindano, aliyekuwa anaisikia hadithi hiyo tangu ana meno ya utoto, alishazoea kutenga kinachobadilika na kisichobadilika. Lori halikubadilika. Viatu vilibadilika rangi, lakini havijawahi kukosa kuwa vipya.

Sindano alikuwa mshonaji. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa wembamba wake, na kazi ikaja baadaye ikalithibitisha. Alimaliza darasa la saba, akaketi nyuma ya cherehani kwenye baraza ya bibi yake, na miaka kumi sasa hajainuka. Mtoto aliyeachwa analia ndiye huyo bibi. Alikuwa na miaka themanini na ushei, miguu imevimba, macho yameingia ukungu, lakini vidole vizima. Kutwa alikaa kwenye kiti cha kamba pembeni ya mashine, akichambua vifungo kwa kupapasa: vikubwa kopo hili, vidogo kopo lile, vyenye matundu manne peke yao. Hakukosea.

Mama yake huyo bibi, mwenye kupanda lori, alikuwa akiitwa Kimya, kwa sababu chumba cha pasi kizima kilipiga soga na yeye alipiga pasi. Hilo ndilo lililobaki la kwake, hilo na kipande cha shuka alichofungiwa mtoto, chenye namba 27, aliyoitwa kazini, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye kona. Bibi alilelewa na mpishi mmoja aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Kimya. Mpishi alikuwa mtu mwema wa maneno machache. Akiulizwa, alijibu, "Mama yako alikwenda," akarudi kwenye sufuria zake. Mpishi alifariki Bibi akiwa na miaka kumi na miwili, na jibu likabaki hapohapo.

Kwa kawaida Redio akimaliza, Bibi husema "Mh," na kifungo kikaingia koponi. Siku hiyo Redio alikuwa na nyongeza.

"Halafu shoga, umesikia? Lile jengo la zamani la kufulia limeuzwa. Mwisho wa mwezi wanavunja. Madaftari yote ya stoo yanakwenda kusagwa karatasi."

Bibi hakusema "Mh." Alingoja mpaka Redio akaenda kutangaza kwingine, ndipo akasema, "Mke mwenzangu."

"Abee, bibi." Ndivyo walivyotaniana tangu babu yupo hai.

"Ukinishonea gauni, kuna mahali mkasi unapita, huku mbele, huku nyuma. Mimi nimekaa pale katikati miaka yote. Kama aliniacha, nijue aliniacha. Kama alikufa huko, nijue alikufa. Nimechoka kumchukia nusu na kumlilia nusu. Nenda kaangalie kabla hawajasaga."

"Na nikikuta aliondoka kwa raha zake?"

"Utaniambia. Mimi si yai."

*

Kiwanda cha kufulia kilikuwa mitaa minne kutoka hapo. Zamani kilifua mashuka ya hospitali, ya hoteli na ya treni. Sasa mashine zimehamishiwa kwingine, zimebaki karo tupu, kamba zilizolegea na stoo moja ndefu yenye harufu ya sabuni kuukuu. Karani wa stoo alikuwa mtu mzima mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye kipaji cha uso, akinywa chai kwenye kikombe kisicho na mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nguo siku hizi hatufui, dada."

"Sijaleta nguo. Natafuta mtu."

"Jina?"

"Ni namba. Ishirini na saba. Alikuwa chumba cha pasi."

Karani alicheka mpaka chai ikamwagika. "Basi umekuja mahali pake. Huku watu hatuna, tuna namba. Anayetaka watu aende sokoni." Akashusha miwani ya kipajini, akapandisha ya puani. "Ni nani kwako?"

"Mama mzaa bibi yangu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Makarani wa zamani walikuwa wanaandika kama kuku anaparua. Utaweza?"

"Nitamzoea kuku."

Hilo lilimfurahisha. Alimpa kiti, akamshushia madaftari ya aina mbili: la mahudhurio na la aproni. Yalikuwapo mengine, alisema, ya safari na ya barua, lakini hayo yako chini ya rundo, panya wamejenga mtaa wao, na yeye mgongo haumruhusu kuvunja nyumba za watu.

Sindano alikwenda siku tatu, asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja. Alifungua daftari lake la mazoezi, lilelile la kuandikia vipimo, akanakili kila kilichokuwa kwenye mstari wa ishirini na saba, hata kisicho na maana. Ndivyo alivyofundishwa kupima mteja. Unapima na bega hata kama kaleta sketi, maana huwezi kujua baadaye utaulizwa nini.

Mwezi aliozaliwa Bibi aliupata siku ya pili. Mbele ya ishirini na saba, siku tisa mfululizo hazikuwa na alama, na pembeni mtu ameandika kwa wino uliofifia: kajifungua. Sindano aliweka kidole hapo akakiacha kwa muda. Ndiye yeye. Siku ya kumi alama zinarudi, moja, moja, moja, kama mishono ya mkono.

Akafuata mishono hiyo. Mwezi wa kwanza wa mtoto, wa pili, wa tatu, wa nne. Huo wa nne aliusoma polepole, akisubiri uzi ukatike. Haukukatika. Mwezi wa tano upo. Wa sita upo. Mwaka wa pili upo. Alifungua daftari baada ya daftari, na ishirini na saba alikuwapo kazini, mvua na jua, mpaka mwaka wa kumi na tisa ilipoandikwa: macho yameharibika, kaondoka.

Miaka kumi na tisa. Hakwenda popote. Alikuwa hapa, mitaa minne, nyuma ya uzio ambao Bibi alipita kila asubuhi akienda shule, akitazama mashuka ya watu yakipepea. Sindano alifunga daftari, akamshukuru karani, akasahau kalamu yake mezani.

*

Bibi hakumuuliza. Alimsikia anavyovua viatu.

"Unavua viatu kama mtu aliyetoka msibani. Sema."

Sindano alisema. Hakupunguza wala hakupamba.

"Miaka kumi na tisa," Bibi alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Mitaa minne."

"Ndiyo."

Bibi alichukua kifungo kikubwa cha koti, akakipapasa pande zote, akakitia kwenye kopo la vidogo. Sindano aliona. Halafu Bibi akaingiza mkono chini ya mto wa kiti, akatoa kile kipande cha shuka, kimekunjwa mara nne, akamnyooshea.

"Fanya tambara la mashine. Ni pamba nzuri hiyo, itanyonya mafuta."

Sindano alikipokea kwa mikono miwili. Alikiweka chini ya mashine, mahali pakavu, na siku hiyo mafuta aliyafuta kwa kidole.

Kesho yake Bibi alichambua vifungo kama kawaida, akala kama kawaida, akajibu salamu. Ila hakuwa anataka kuambiwa kitu. Redio alipokuja, hata kabla hajakaa, Bibi akamwambia, "Shoga, lile lori lako halikufika mbali. Limezunguka likarudi."

Redio aliposimuliwa, alisimama katikati ya baraza mikono kiunoni.

"Haiwezekani."

"Imeandikwa, mama," Sindano akasema taratibu.

"Acha iandikwe! Wewe mtoto, mama yangu alipiga pasi mle ndani miaka kumi na mitano baada ya siku ile. Meza ya tatu kutoka mlangoni. Mwanamke aliyepanda lori akarudi, halafu mama yangu asiseme? Na akisema, mimi nisijue? Mimi?" Akajigonga kifua. "Viatu naweza nikawa nimevipaka rangi kidogo. Lori lilikwenda, na mwenye kwenda hakurudi. Hilo sikuongeza."

"Mh," Bibi akasema, na Redio akaondoka amekasirika, jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa haujawahi kuliona.

Sindano alibaki na gauni la mteja mapajani. Lilikuwa gauni la mama mmoja aliyekuja kutanuliwa kiuno kwa mara ya tatu tangu lishonwe. Alikuwa anafumua mshono wa ubavuni huku akili iko kwingine. Daftari la karani halisemi uongo, halina faida ya kusema uongo. Redio naye, ukimwondolea rangi na masharubu, kuna kitu hubaki. Wote wawili hawawezi kuwa wakweli. Labda wakiwa wanazungumzia watu tofauti.

Alishika gauni, akalinyoosha. Mara tatu ametanua kiuno hiki. Pindo la chini hajaligusa hata mara moja.

Akaliweka gauni chini, akafungua daftari lake la vipimo.

Kwenye daftari la aproni, kila mwaka wanawake walipimwa, na namba zikaandikwa mbili: kiuno, na urefu kutoka kifuani hadi chini ya goti. Alikuwa amezinakili bila kuzitazama. Sasa alizitazama kama mshonaji. Mwaka aliozaliwa Bibi, ishirini na saba: kiuno inchi ishirini na tisa, urefu thelathini na tatu. Mwaka uliofuata: kiuno ishirini na nane, urefu thelathini na tisa. Na ukabaki thelathini na tisa mpaka mwisho.

Alisoma mara mbili, halafu akachukua futi, akajipima mwenyewe kutoka kifuani hadi chini ya goti, akapima tena inchi sita chini ya hapo. Zilifika katikati ya ugoko.

"Unajipima nini?" Bibi akauliza. Alikuwa amesikia futi ikifunguka.

"Bado sijui, bibi. Nikijua nitakuambia."

*

"Alinenepa," karani alisema. "Au alikonda. Wanawake wakishazaa."

"Baba, kiuno kinakwenda na kurudi, hicho sikubishii. Lakini mtu mzima harefuki inchi sita kwa mwaka. Angekuwa shina la mahindi shambani, sawa."

Karani alipandisha miwani, akashusha miwani. Alikuwa na miaka minane tu ya kazi pale. Aliletwa stoo baada ya kutoelewana na bosi mmoja kuhusu feni, na chumba cha pasi alikikuta kimeshafungwa. Akachukua funguo. "Twende tukaone. Mimi mwenyewe mle huwa naingia kutafuta ndoo tu."

Chumba cha pasi kilikuwa kirefu, meza zimeondoka, alama za miguu ya meza zimebaki sakafuni. Kwenye ukuta wa mkono wa kushoto, kuanzia mlangoni hadi mwisho, kulikuwa na misumari minene, kila mmoja na namba iliyopakwa rangi juu yake. Arobaini kwa jumla. Chini ya kila msumari ukuta ulikuwa umeng'aa kwa kusuguliwa na nguo miaka na miaka.

Sindano alisimama mbele ya ishirini na saba. Aliushika msumari, ukiwa baridi.

"Namba haikuwa ya mtu," alisema. "Ilikuwa ya msumari. Anayetundika aproni hapa ndiye ishirini na saba. Akiondoka, anatundika mwingine."

Karani alijipiga kofi la paji la uso, miwani ya juu ikaanguka. "Miaka minane nawaambia watu bibi zao walifanya kazi miaka hamsini! Mmoja nilimpongeza!" Akainama akaiokota. "Dada, njoo tuwahamishe hao panya."

Walihamisha panya mpaka adhuhuri. Daftari la safari lilikuwa limeliwa kona, lakini mistari ilisomeka. Mwezi wa nne wa mtoto, siku ya kumi na sita: wa msumari 27 kapelekwa tawi la mwisho wa reli, mwezi mmoja, kushika nafasi ya mgonjwa. Kapanda lori la marobota ya mashuka hadi stesheni. Kapewa viatu vya turubai, jozi moja. Watoto hawapokelewi bwenini. Na siku ya kumi na saba, kwa mwandiko uleule: msumari 27 kapewa mwingine.

"Siku moja tu," karani alisema. "Hata msumari haukupoa."

Barua zilikuwa kwenye kasha la bati, zimefungwa kwa uzi kwa mwaka. Zilizotoka tawini zilikuwa chache. Sindano alizipitia moja moja. Kila barua ilikuwa na muhuri chini wenye mistari miwili: Imepokelewa, na Jibu. Zilizojibiwa zilikuwa na neno moja kwenye mstari wa pili, ndiyo au hapana, na saini. Alipata mbili za mtu mmoja, zimeandikwa na karani wa kule, kila moja na alama ya dole gumba. Alizisoma akiwa amesimama. Halafu akakaa, akazinakili, neno kwa neno.

"Baada ya hapo?" alimuuliza karani. "Kule tawini alikuwa msumari gani? Alikaa mpaka lini?"

Karani alitikisa kichwa. "Tawi lilifungwa mimi sijazaliwa. Madaftari yake hayakuletwa huku, rundo hili nimelifungua mpaka chini, umeona mwenyewe." Akatazama dirishani, akatazama mlangoni, akaitoa karatasi moja, akaitoa ya pili, akamsogezea. "Haya yanakwenda kusagwa. Mimi nimeshika miwani, sijaona kitu."

*

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Redio alikuwa amerudi, maana hasira yake haikuwa na mazoezi, ilimshinda kuibeba siku mbili. Alikaa kwenye ngazi ya baraza amewapa mgongo, ili ijulikane kwamba hajasamehe.

Sindano alivua viatu. Bibi akageuza kichwa.

"Leo umevua kwa haraka," alisema.

"Bibi, si yeye. Yule wa miaka kumi na tisa ni mwingine. Namba ilikuwa ya msumari wa kutundikia aproni. Mama yako alitundika mpaka siku ya kumi na sita ya mwezi wako wa nne. Walimpeleka mwisho wa reli kwa mwezi mmoja, kushika nafasi ya mgonjwa. Watoto hawapokelewi kule. Alipanda lori la kazini, la marobota."

"Lori!" Redio aligeuka mzimamzima.

"Na walimpa viatu vya turubai, jozi moja."

"Vipya! Si nilisema vipya? Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama. Miaka yote."

Redio alitaka kuinuka acheze kidogo, akaona uso wa Bibi, akabaki alipo.

"Mwezi mmoja," Bibi alisema. "Mimi nina themanini na kitu. Huo mwezi uliishia wapi?"

"Kuna barua mbili. Aliandikiwa, akaweka dole. Nikusomee?"

Bibi aliweka kopo la vifungo sakafuni, akakunja mikono. Sindano akasoma, bila haraka, kwa sauti ileile anayosomea vipimo:

"Kwa Mkuu wa Kufulia. Mimi wa msumari ishirini na saba nililetwa huku kwa mwezi mmoja. Mwezi umekwisha na mwingine umekwisha. Naomba siku tano nije kumchukua mwanangu niliyemwacha kwa mwenzangu mpishi. Bado ananyonya na mimi sijakauka."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapiga nyundo bati.

"Ya pili," Bibi alisema.

"Kwa Mkuu wa Kufulia. Naomba tena. Kama siku haziwezekani, basi naomba mtoto aletwe na yeyote anayekuja na marobota. Kila Jumamosi treni ikiingia nitakuwa stesheni, upande wa marobota. Asihangaike kunitafuta. Nitamjua."

"Wakamjibu nini?"

"Pa kujibu papo, bibi. Hapakuandikwa kitu. Kwenye zote mbili."

"Na yule mpishi? Mlezi wangu alijua?"

"Barua zilikuja ofisini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu alimpelekea habari. Baada ya hapo sikumwona tena mama yako, bibi. Kwenye madaftari yao hayumo."

Bibi alinyoosha mkono, akapewa karatasi. Kusoma asingeweza, lakini vidole vyake vilitembea chini, polepole, vikapita muhuri, vikafika mahali karatasi ilipokuwa laini zaidi kwa wino wa dole. Hapo vikasimama.

"Shoga," alimwita Redio bila kuinua uso. "Huko kucheka. Mama yako alimwona akicheka kweli?"

Redio alikwangua tope kavu kwenye ukingo wa ngazi kwa kucha.

"Kucheka nilitia mimi," alisema mwishowe. "Nilikuwa msichana mdogo, naisimulia kwa wenzangu kisimani. Ilikuwa inaishia vibaya, nikaona niichangamshe. Halafu nikazoea."

"Mama yako alisemaje?"

"Alisema alipanda amekumbatia kifua chake hivi, mikono miwili, kama mtu anayesikia baridi. Na jua lilikuwa kali." Akajionyesha, halafu akaishusha mikono upesi. "Nisamehe, dada."

Bibi aliitikia kwa kichwa, mara moja. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu anayehesabu kitu kirefu, bila kusogeza midomo.

"Mke mwenzangu."

"Abee, bibi."

"Treni bado inakwenda kule?"

"Haiendi siku hizi. Kuna basi. Siku mbili njiani, mnalala katikati."

"Na stesheni? Walivunja?"

"Karani anasema jengo lipo. Wanawekea magunia."

"Kwa hiyo upande wa marobota upo."

"Nadhani upo."

Sindano alimtazama. Miguu ile, kutoka kitini hadi mlango wa chumba, ilihitaji kupumzika mara moja njiani. Wiki iliyopita mganga wa zahanati alikuwa ameibonyeza kwa dole, shimo likabaki, akasema huyu mama asikae na miguu chini hata nusu siku. Bibi mwenyewe alikuwapo, alisikia. Redio naye alikuwa anaitazama miguu hiyohiyo.

Bibi alikunja barua mbili pamoja, akazipiga pasi kwa kiganja juu ya paja, kwenda na kurudi, mpaka zikalala.

"Jumamosi hii hatuwahi," alisema. "Ile nyingine. Sitaki kushuka mjini, sitaki kuona mtu. Nikifika pale marobota yaliposhushwa, nikasimama kidogo, basi. Nipeleke."